Kifaa Rahisi au Kifaa cha Kurekebisha Mwenyewe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pembeni. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Misingi

1. Kifaa rahisi kinatofautianaje na kifaa kinachorekebishika?

Kinachotofautisha ni nani amefanya uamuzi. Kwenye kifaa rahisi, mtengenezaji amekwisha kukuamulia: picha zihifadhiwe wapi, viungo vifunguliwe na kivinjari gani, masasisho yaingie lini. Kwenye kifaa kinachorekebishika, maamuzi hayohayo yameachwa wazi. Utayafanya wewe, ama siku ya kwanza, ama siku kifaa kitakapokorofisha.

Larry Tesler, mhandisi aliyefanya kazi Xerox PARC na baadaye Apple, na anayekumbukwa kwa mchango wake katika kukata, kunakili na kubandika maandishi, alishikilia kwamba kila programu ina kiasi fulani cha ugumu kisichoondoka. Ukimwondolea mtumiaji, umemtwisha mtengenezaji. Usipomtwisha mtengenezaji, mtumiaji ataubeba. Kamera ya simu inaonyesha jambo hili vizuri. Ukibonyeza kitufe cha kawaida, simu hupiga fremu kadhaa kwa mkupuo, huziunganisha, huchagua mwanga na rangi, kisha hukupa picha iliyokamilika. Ukiwasha RAW, unapewa data ya kihisi karibu kama ilivyotoka: faili kubwa zaidi, rangi zimepooza, na haipendezi hadi ukae nayo kwenye programu ya kuhariri. Kazi haikupungua hata kidogo, imehamia kwako tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: ugumu wa kifaa hiki ataubeba nani, na mbebaji huyo atakuwepo baada ya miaka mitatu?

2. Je, vifaa rahisi ni vya watu wasiojua teknolojia?

Hapana. Wahandisi wengi wanaoshinda kutwa wakirekebisha mifumo ya wengine hutaka simu isiyowadai chochote jioni. Na kuna asiyejua hata jina la prosesa yake lakini anaandika kwa mkono mmoja, hivyo anahitaji kibodi inayorekebishika kuliko mtu yeyote. Hitaji ndilo linaloamua, ujuzi unafuata.

3. Nitajuaje mimi nahitaji kipi?

Anza na simu uliyonayo. Fungua mipangilio uhesabu mambo uliyoyabadilisha kwa hiari yako, ukiacha lugha, mlio na picha ya skrini. Kama ni mawili au matatu baada ya mwaka mzima, usilipie uwezo wa kubadilisha mamia.

Kisha kwa wiki mbili andika kila kero pale inapotokea, kwa maneno yanayoweza kupimwa. "Simu ni mbaya" haisaidii. "Kengele ya kazini inalia usiku na siwezi kuizima bila kuzima ya nyumbani" inasaidia. Mwisho wa wiki mbili utakuta kero nyingi zinatatuliwa na mpangilio uliokuwepo tangu mwanzo. Zilizobaki, kwa kawaida moja au mbili, ndizo vigezo vyako vya kununua. Kifaa kizuri kwa watu wengi ni kile kilicho rahisi kote isipokuwa kwenye hizo mbili.

## Simu

4. iPhone au Android?

Pengo si kubwa kama miaka ya nyuma. iPhone iliruhusu kibodi za kampuni nyingine kuanzia iOS 8 mwaka 2014, wijeti kwenye skrini ya kwanza pamoja na kubadili kivinjari na programu ya barua pepe za msingi kuanzia iOS 14 mwaka 2020, na kupanga aikoni popote unapotaka kuanzia iOS 18 mwaka 2024. Katika nchi za Umoja wa Ulaya maduka mengine ya programu yaliruhusiwa kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, kwa sababu ya sheria ya masoko ya kidijitali ya huko. Android nayo imeongeza kufuli kila toleo.

Tofauti zilizobaki ni hizi. iPhone haijawahi kuwa na nafasi ya memori kadi, kwa hiyo ukubwa wa hifadhi unaamuliwa siku ya kununua na haubadiliki. Android hukuruhusu kubadili skrini ya kwanza nzima (swali la 5) na kusakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi (swali la 7). Na neno "Android" linabeba simu zinazotofautiana sana: Google na Samsung ziliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 (2023) na Galaxy S24 (2024), ilhali simu nyingi za bei ya chini hupata miaka miwili au mitatu.

Tazama muda wa masasisho kabla ya kutazama orodha ya vitu unavyoweza kubadilisha. Simu isiyopata tena marekebisho ya usalama inakurudishia kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuifanya, na kazi hiyo huiwezi ukiwa peke yako.

5. Kubadili muonekano wa Android kunaweza kuharibu simu?

Kubadili lancha, yaani programu inayochora skrini ya kwanza, hakugusi mfumo. Sakinisha, bonyeza kitufe cha nyumbani, chagua lancha mpya. Kurudi ulikotoka: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha programu chaguo-msingi, uchague ile iliyokuja na simu. Zinazotokea mara nyingi ni kasoro mbili. Ya kwanza, simu zenye ulinzi mkali wa betri huizima lancha nyuma ya pazia, ukirudi nyumbani aikoni huchelewa kujichora; itoe lancha hiyo kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Ya pili, ishara za kutelezesha kidole hukwama kidogo, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wamezifunga kwenye lancha yao. Hii ya pili haina dawa ya uhakika.

Lancha ikiomba ruhusa ya huduma za ufikivu, soma sababu kwanza. Ruhusa hiyo huiwezesha kuona kilichoandikwa kwenye skrini yako yote.

Kuna badiliko moja dogo lenye faida kubwa kwenye simu iliyochoka. Fungua sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo kuna mistari mitatu ya kasi ya uhuishaji, kila mmoja ukiwa 1x. Iweke yote 0.5x. Prosesa haikuongezeka nguvu, ila madirisha yanafunguka kwa nusu ya muda wa awali na mkono wako unahisi tofauti papo hapo. Mengine yaliyomo humo yaache kama yalivyo.

6. Kuruti simu au kufungua bootloader bado kuna maana?

Kwa wachache. Kuruti ni kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu; bootloader ni programu inayowaka kwanza na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuwaka. Maana kubwa iliyobaki ni kuirefushia maisha simu iliyoachwa na mtengenezaji, kwa kuiwekea mfumo kama LineageOS, uliozaliwa baada ya CyanogenMod kufungwa mwishoni mwa 2016. Wengine hutaka faragha zaidi na huweka GrapheneOS kwenye simu za Pixel.

Utakachokipoteza kijue kabla. Kufungua bootloader hufuta kila kitu kwenye simu. Huo ni ulinzi uliowekwa makusudi, ili mwizi asipate data yako kwa njia hiyo. Programu nyingi za benki huuliza huduma ya Google ya kuhakiki uadilifu wa kifaa, na zikijibiwa kwamba simu imefunguliwa, hukataa kufunguka. Kwenye Samsung, kuingiza mfumo usio rasmi huunguza fyuzi ya kielektroniki ya Knox, mfumo wake wa usalama, na Samsung Wallet pamoja na Folda Salama hazirudi tena hata ukirejesha mfumo wa awali.

Pia si kila simu inafunguka. Huawei iliacha kutoa misimbo ya kufungulia mwaka 2018. Hakikisha modeli yako kamili, pamoja na herufi za mwisho, iko kwenye orodha ya mfumo unaoutaka. Simu mbili zenye jina moja la sokoni zinaweza kuwa na prosesa tofauti, na kuflashi, yaani kuingiza, mfumo wa moja kwenye nyingine ndiko kunakoziua.

7. Je, nisakinishe programu kutoka nje ya duka rasmi?

Ikiwa unajua kwa nini haipo dukani na unaipata kwa mwenye nayo, sawa. Tangu Android 8 (2017) ruhusa hii hutolewa kwa kila programu peke yake, kwa mfano kwa kivinjari tu, wala si kwa simu nzima. Itoe, sakinisha, kisha iondoe. Programu ya aina hii pia haijisasishi yenyewe isipokuwa iwe na njia yake, kwa hiyo kuikumbuka ni kazi yako. Programu ya kulipia inayotolewa bure mahali fulani usiiguse.

8. Namnunulia mzazi simu. Nichague ipi?

Ile ambayo mtu atakayemsaidia kwa simu anaijua. Mzazi akipiga kusema "kile kitu cha kijani kimepotea", msaidizi mwenye simu ya aina hiyohiyo atafungua yake, ataona skrini ileile na kumwongoza hatua kwa hatua. Hilo linazidi sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Baada ya hapo punguza, kimoja baada ya kingine, vitu vinavyoweza kumchanganya. iPhone ina muundo wa usaidizi wenye aikoni kubwa chache tangu iOS 17 (2023). Samsung ina hali rahisi. Kwenye Android, tafuta mpangilio wa kufunga mpangilio wa skrini ya kwanza na uuwashe, kwa sababu aikoni nyingi "zinazopotea" zimebonyezwa kwa muda mrefu kisha kukokotwa na kidole bila mwenyewe kujua. Ongeza ukubwa wa maandishi ukiwa naye, si peke yako: maandishi makubwa kupita kiasi husukuma vitufe nje ya skrini. Na usimhamishie mpangilio unaokufaa wewe. Mpangilio mbovu alioukariri ni bora kwake kuliko mzuri asioujua.

9. Zile simu za kubadilisha vipande kama matofali ziliishia wapi?

Motorola, wakati huo ikimilikiwa na Google, ilitangaza mradi wa Ara mwaka 2013, na Google ikausitisha 2016. LG ilitoa G5 mwaka 2016, ambayo unachomoa sehemu ya chini ukapachika kipande kingine. Toleo lililofuata halikuwa na kitu hicho. Kila kiunganishi kinakula nafasi, unene na umeme, na wanunuzi wengi hawakutaka kubadilisha kamera kila mwezi.

Wazo lililodumu ni la kutengeneza. Fairphone, tangu Fairphone 2 ya 2015, huunda simu ambazo mwenyewe unabadilisha skrini au betri kwa bisibisi, au hata bila bisibisi. Kama kero yako ni betri kuchoka, hicho ndicho cha kutafuta.

## Kompyuta

10. Nijenge kompyuta ya mezani mwenyewe au ninunue iliyokamilika?

Jenga kama unataka kuipandisha daraja kipande kwa kipande kwa miaka mingi, au kama kazi yako inahitaji kadi ya michoro kubwa kuliko zinazokuja kwenye mashine za kawaida. Nunua iliyokamilika kama unahitaji mtu mmoja wa kumrudishia ikiharibika. Ukijenga, kila kipande kina dhamana yake, na wewe ndiye utakayethibitisha ni kipi kimekufa.

Tazama soketi ya prosesa kabla ya kitu kingine. AM4 ya AMD ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa, ndiyo maana wengi walibadilisha prosesa bila kubadilisha ubao mama. AM5, iliyotoka 2022, inatumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR5 pekee. LGA1700 ya Intel ina mbao za DDR4 na mbao za DDR5. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, hivyo soma jina la ubao hadi mwisho.

11. Nimejenga na haiwaki, au inawaka bila picha. Nianze wapi?

Fuata mpangilio huu, kwa sababu ya juu ndiyo ya mara nyingi zaidi.

Waya wa skrini uko wapi? Ukiwa na kadi ya michoro, chomeka kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kosa hili limewafanya wengi warudishe vipande vizima.

RAM ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza hujipima, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Subiri dakika 10 kabla ya kukata umeme. Ukikata katikati, inaanza upya. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vipande viwili huwekwa kwa kawaida kwenye ya 2 na ya 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Visukume hadi usikie mlio. Upande mmoja uliochungulia juu kidogo unatosha kuzuia kila kitu.

Pawa saplai ina waya mkubwa wa pini 24 na mwingine wa prosesa, kwa kawaida wa pini 8, unaoingia juu kabisa ya ubao. Huu wa pili husahauliwa sana kwa sababu umejificha: feni zinazunguka, taa zinawaka, hakuna picha.

Inawaka lakini inazima baada ya dakika chache? Toa kipoozi utazame chini yake. Karatasi ya plastiki ya ulinzi ikiwa bado imebanduka nusu au haijabanduliwa kabisa, joto halipiti. Ibandue, safisha, weka krimu ya kupitisha joto (thermal paste) kiasi cha punje ya njegere, funga skrubu kwa kupishanisha pembe.

Na onyo moja lenye gharama: usichanganye waya za pawa saplai mbili zinazochomolewa, hata za kampuni moja. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja wa pini kwa wote. Waya unaingia vizuri, lakini unaweza kupeleka volti isiyo yake, na diski zikaungua mara moja.

Ikishawaka, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP au EXPO, chaguo linaloipa RAM kasi yake iliyotangazwa. Bila hivyo RAM uliyoilipia kwa kasi kubwa inafanya kazi kwa kasi ya msingi, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

12. Kompyuta mpakato ipi inaweza kuongezwa baadaye?

Angalia RAM na SSD (diski ya kuhifadhia) kila moja peke yake. RAM ikiandikwa LPDDR, karibu kila mara imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. MacBook zenye prosesa za Apple, kuanzia M1 ya 2020, zina RAM iliyounganishwa na prosesa yenyewe. Kwa hizi nunua kiasi utakachokihitaji miaka mitano ijayo. SSD kwenye mashine nyingi za Windows ni kipande cha M.2 kilichoshikwa na skrubu moja. Pima urefu: 2280 maana yake milimita 22 kwa 80, na cha 2230 hakitajaza nafasi hiyo bila kishikio. M.2 ya SATA na ya NVMe, njia mbili tofauti za kusafirisha data, zinafanana kwa macho, hivyo soma mwongozo wa mashine.

Ukitaka mpakato unaofunguka kila sehemu, Framework wanauza wa aina hiyo tangu 2021.

13. Windows 10 imeachwa. Nihamie Linux?

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa zilizoidhinishwa. Mashine nzima kabisa zimebaki nje, na Linux, mfumo endeshi wa bure, inazifaa, mradi kazi yako haitegemei programu isiyo na toleo la Linux. Hilo ndilo la kuhakikisha kwanza.

Ijaribu bila kufuta kitu. Andaa flashi ya GB 16, weka Linux Mint au Ubuntu LTS (hupata miaka 5 ya msaada wa kawaida), washa kompyuta kutoka humo na upime vitu vitano: Wi-Fi, sauti, printa, kufunga na kufungua kifuniko, na skrini ya nje. Kimoja kikigoma kwenye flashi, tarajia kigome baada ya kusakinisha. Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa BIOS, hifadhi nje ya mashine ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) wenye tarakimu 48. Bila huo, badiliko dogo la BIOS linaweza kukufungia nje ya mafaili yako mwenyewe.

## Vifaa vya nyumbani

14. Taa na swichi janja: nichukue mfumo wa kampuni moja au nijiundie?

Mfumo wa kampuni moja unakuwa tayari ndani ya nusu saa. Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza 2013, inaunganisha karibu kila chapa na kufanya kazi ndani ya nyumba bila seva za nje, lakini inahitaji kompyuta ndogo inayowaka saa 24 na mtu wa kuihudumia. Kama mtu huyo ni wewe tu, jiulize wengine nyumbani watawashaje taa ukiwa safarini.

Katikati kuna Matter, kiwango kilichotolewa 2022, kinachoruhusu vifaa vya kampuni tofauti kuelewana ndani ya mtandao wa nyumbani. Jaribio la kufanya kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha: chomoa waya wa intaneti uache ruta ikiwaka, kisha washa taa. Ikikataa, taa yako inaishi kwenye seva ya mtu mwingine, na seva hiyo ikifungwa umebaki na balbu ya kawaida.

Balbu ikikataa kuunganishwa siku ya kwanza, nyingi hupokea Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee ilhali simu yako iko kwenye 5 GHz. Zima 5 GHz kwa muda, unganisha, kisha uirudishe.

## Hali za pembeni

15. Nimerekebisha vitu vingi hadi sijui kipi kimeharibu. Nifanyeje?

Washa hali salama. Kwenye Android huzima programu zote ulizosakinisha. Tatizo likitoweka, mkosaji ni mojawapo ya hizo. Rudi kwenye hali ya kawaida, zima nusu yake, jaribu, kisha nusu ya nusu iliyobaki: programu 32 humalizika kwa majaribio matano. Tangu hapo badilisha kitu kimoja kwa siku na uandike tarehe na thamani ya awali.

16. Nitajuaje kama kifaa rahisi kitanifunga nisiweze kuhama?

Jaribu kutoka kabla ya kuzama. Siku ya kwanza weka picha kumi, maandishi matano na majina machache, kisha uyatoe yote kwenda kwenye kifaa cha aina nyingine. Tazama kama tarehe za picha zimebaki na kama maandishi yanafunguka kwa programu nyingine.

Mazungumzo ya WhatsApp ndiyo huwakwaza wengi. Nakala rudufu iliyo Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Kuhama kutoka Android kunapitia programu ya Apple ya kuhamia iOS, na iPhone iwe mpya au imerudishwa kwenye hali ya kiwandani. Ukishaanza kuitumia kwanza, itabidi uifute.

17. Nilifungua bootloader, sasa nataka kuifunga ili programu ya benki irudi. Inawezekana?

Mara nyingi ndiyo, isipokuwa yale ya Knox yaliyotajwa kwenye swali la 6. Mpangilio wa hatua ndio muhimu. Hamisha data yako kwanza, maana kufunga kunafuta simu sawa na kufungua. Rudisha mfumo rasmi kamili wa modeli yako, iwashe, hakikisha inafika skrini ya kwanza na hakuna mabaki ya kuruti. Hapo ndipo ufunge. Ukifunga mfumo uliorekebishwa ukiwa bado ndani, simu hukagua saini, haiitambui, na hukataa kuwaka. Na kwa kuwa mlango wa kuflashi umeufunga mwenyewe, kwenye modeli nyingi itabidi ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya mtengenezaji.